Njia ya Misafara Isiyo na Daraja la Mawe: Urithi wa Tabora na Malagarasi Wakati wa Reli ya Kisasa

Msafiri anayetoka Tabora kwenda Kigoma kwa gari huvuka Mto Malagarasi kwa dakika chache tu, akipita juu ya Daraja la Kikwete, lililojengwa kwa ushirikiano wa Tanzania na Jamhuri ya Korea. Mwanzoni mwa Februari 1858, wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika kwenye mto huo huo wakiwa na wapagazi wao, lakini hawakuvuka hadi walipomaliza kujadiliana ushuru na mkuu wa kivuko. Walivushwa kwa mitumbwi ya magome ya miti. Daraja halikuwapo, la mawe wala la miti.

Tofauti ya safari hizo mbili ni kipimo cha hatua ambayo nchi imepiga. Lakini inaibua pia swali linalohitaji majibu mapema, wakati ujenzi wa reli ya kisasa ya SGR katika kipande cha Tabora hadi Kigoma ukitekelezwa. Swali hilo ni jinsi ya kulinda njia ya kale ambayo iliibeba biashara ya bara lakini haikuacha daraja, nguzo wala lami ambayo mtu anaweza kuinyooshea kidole.

Katika nchi nyingi jibu ni jepesi, kwa sababu njia za kale za biashara zilijengwa kwa mawe na madaraja yake bado yamesimama. Njia ya kati ya Tanzania, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa, Kilimatinde na Tabora hadi Ujiji, haikujengwa kwa namna hiyo. Ilitengenezwa na nyayo za watu. Mabaki yake ni vivuko, visima, miembe, makaburi, mahame ya tembe na majina ya vijiji. Mambo hayo ndiyo hufutika kwa urahisi zaidi trekta linapopita, na ndiyo ambayo sheria iliyopo haiyalindi yenyewe bila hatua ya ziada.

Barabara iliyotembea kwa miguu

Katika karne ya 19, umbali wa takriban kilomita 1,200 kati ya Bagamoyo na Ujiji ulifunikwa kwa miguu. Magurudumu hayakutumika kwa sababu za msingi. Mbung'o waliua ng'ombe, punda na farasi katika maeneo mengi ya njia, na bila mnyama wa kuvuta hakuna mkokoteni. Mzigo wote, iwe pembe za ndovu zilizoelekea pwani au vitambaa, shanga na nyaya za shaba zilizoelekea bara, ulikaa kichwani au begani mwa binadamu. Mzigo wa kawaida ulikuwa wa takriban kilo 30.

Mahali ambapo hakuna gurudumu, haja ya daraja la mawe huwa ndogo. Mpagazi aliweza kushuka korongo, kukanyaga gogo lililolazwa juu ya kijito, au kungoja maji yapungue. Njia nayo haikuwa mstari mmoja. Ilikuwa na matawi yaliyobadilika kwa kufuata mvua, njaa, kiasi cha hongo kilichodaiwa na watemi, na vita. Mwaka 1871, wakati Mtemi Mirambo wa Urambo alipofunga njia ya moja kwa moja kati ya Tabora na Ujiji katika mgogoro wake na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora, Henry Morton Stanley alilazimika kuzunguka kusini ili aende Ujiji.

Kitovu cha mtandao huo kilikuwa Tabora, ambayo wasafiri wa katikati ya karne hiyo waliifahamu kwa jina la Kazeh, ndani ya utemi wa Unyanyembe. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakawasili Kazeh tarehe 7 Novemba mwaka huo. Hapo njia ziligawanyika: moja kwenda magharibi hadi Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alikuwa na uhusiano wa kifamilia na mji huo, na simulizi ya maisha yake aliyoiandika kwa Kiswahili ni miongoni mwa kumbukumbu muhimu za safari za bara zilizotoka kwa mtu aliyeziongoza.

Hata hivyo, waliobeba njia hiyo kwa maana halisi walikuwa wapagazi, na miongoni mwao Wanyamwezi walikuwa na nafasi ya kwanza. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu kazi ya uchukuzi katika Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba wengi wa wapagazi hao walikuwa wafanyakazi wa ujira waliokuwa na taratibu zao za mikataba, posho, uongozi na hata mgomo. Sambamba nao, njia hiyo hiyo ilipitisha watu waliokamatwa na kuuzwa utumwani, hadi na hata baada ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa kwa mkataba wa mwaka 1873. Historia hizo mbili, ya ujira na ya minyororo, zilipita kwenye vumbi moja, na yeyote anayetaka kuihifadhi njia hii hana budi kuzihifadhi zote mbili.

Kivuko kilichokuwa na thamani ya daraja

Mto Malagarasi ndio mfano ulio wazi zaidi wa namna njia hii ilivyofanya kazi. Mto huo hukusanya maji ya sehemu kubwa ya magharibi ya nchi na kuyapeleka Ziwa Tanganyika. Bonde lake, pamoja na la Muyovozi, lina maeneo oevu makubwa kiasi kwamba mwaka 2000 lilikuwa la kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, likiwa na eneo la zaidi ya kilomita za mraba 32,000. Wakati wa masika maji hutapakaa, na ardhi inayofaa kuvukia hubaki sehemu chache.

Sehemu hizo chache ziligeuka kuwa milango ya nchi. Aliyemiliki mitumbwi na kuijua tabia ya mto ndiye aliyeamua nani avuke, lini na kwa malipo gani. Burton aliandika kuhusu Mutware, mkuu wa kivuko, na kuhusu majadiliano ya ushuru ambayo msafara haukuweza kuyakwepa. Stanley alivuka mto huo Novemba 1871, akalipa, na hata hivyo akampoteza punda wake, aliyekamatwa na mamba alipokuwa akivushwa.

Wasafiri wa kigeni waliandika habari hizo kwa manung'uniko. Kwa upande wa wenyeji wa Uvinza, hata hivyo, kivuko kilikuwa huduma iliyohitaji ujuzi, vyombo na mamlaka ya kudumisha utulivu. Mitumbwi ilichakaa na ilipaswa kutengenezwa upya. Wavushaji walipaswa kujua kina cha maji, mkondo na mahali pa mamba. Malipo yaliyotolewa hapo yalikuwa na maana ile ile ya kiuchumi ambayo tozo ya daraja ilikuwa nayo kwingineko duniani. Tofauti ni kwamba daraja la mawe hubaki baada ya mjenzi wake kufa, ilhali ujuzi wa mvushaji huondoka naye ikiwa haukurithishwa au kuandikwa.

Tena, njia ya Uvinza ni ya kale kuliko pembe za ndovu. Utafiti wa kiakiolojia uliofanywa mwaka 1967 kwenye chemchemi za chumvi za Uvinza ulionyesha kwamba watu walikuwa wakichemsha maji ya chumvi hapo tangu katikati ya milenia ya kwanza baada ya Kristo. Chumvi husafiri, na mahali inapozalishwa watu hukutana. Kwa hiyo misafara ya karne ya 19 haikufungua njia katika nchi tupu. Ilifuata mapito ambayo wenyeji walikwisha kuyakanyaga kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Kutoka mtumbwi hadi reli

Mabadiliko makubwa ya kwanza yalikuja na reli ya kati iliyojengwa na utawala wa Kijerumani. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa mara ya kwanza mzigo ulivuka Malagarasi bila kuteremshwa. Katika muda mfupi, kazi ya upagazi wa masafa marefu ilipoteza sababu yake, na Ujiji ikaanza kupisha nafasi yake ya bandari kuu kwa Kigoma, ambako reli ilimalizikia.

Hatua ya sasa ni kubwa zaidi. Mkataba wa ujenzi wa SGR kipande cha Makutupora hadi Tabora, chenye urefu wa kilomita 368, ulisainiwa Desemba 2021. Mwaka 2022 ulifuata mkataba wa Tabora hadi Isaka wenye kilomita 165, na Desemba mwaka huo ukasainiwa wa Tabora hadi Kigoma wenye kilomita 506, urefu unaojumuisha njia za kupishania treni. Kutoka Uvinza, tawi jingine limepangwa kuelekea Musongati nchini Burundi. Tabora inarudia nafasi yake ya kale ya kuwa njia panda ya nchi za maziwa, mara hii kwa treni ya umeme.

Reli mpya haipiti juu ya nyayo za misafara hatua kwa hatua. Misafara ilikuwa na matawi mengi, na mhandisi wa reli huangalia mwinuko na udongo, mambo ambayo kirangozi wa msafara hakuyahitaji kwa kiwango hicho. Lakini miradi yote miwili inaunganisha miji ile ile na inabanwa na maji yale yale. Ndiyo maana uwezekano wa mitambo kufukua kambi ya kale, kisima au makaburi yasiyo na alama ni mkubwa, hususan karibu na mito, ambako misafara ililala ikingoja kuvuka. Vivyo hivyo kwa machimbo ya kokoto, barabara za muda na kambi za wafanyakazi, ambazo mara nyingi huchukua ardhi iliyo nje ya ukanda wa reli yenyewe.

Mwaka 1863 na maana yake kwa Tabora

Ulinzi wa mabaki ya kale nchini unasimamiwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1979. Katika tafsiri zake, sheria hiyo inayatambua moja kwa moja majengo, ngome, makaburi, visima na kazi nyingine za mikono ya binadamu zilizofanywa kabla ya mwaka 1863. Vitu vya aina hiyo vinalindwa hata kama hakuna tangazo lililowahi kutolewa juu yake.

Mpaka huo wa miaka unafaa vizuri kwa magofu ya pwani, ambayo yana umri wa karne nyingi. Kwa Tabora na magharibi, hali ni tofauti. Safari ya Burton na Speke imo ndani ya mpaka. Lakini vita vya Mirambo na wafanyabiashara wa Tabora vilianza mwaka 1871. David Livingstone aliishi kwenye tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kati ya Februari na Agosti 1872. Mwaka 1873 Susi, Chuma na wenzao waliibeba maiti yake na kupitia Unyanyembe kuelekea Bagamoyo, wakawasili pwani Februari 1874. Mirambo alifariki mwaka 1884. Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe, badala ya kujisalimisha kwa Wajerumani, alilipua baruti akiwa ndani ya ngome yake. Reli ilifika mwaka 1912.

Sehemu kubwa ya historia inayosimuliwa Tabora iko upande wa pili wa mwaka 1863. Kisima kilichochimbwa na msafara mwaka 1870, kaburi la mpagazi wa mwaka 1880, au daraja la reli la enzi ya Kijerumani havipati ulinzi kwa sababu ya umri wake pekee.

Hilo halina maana kwamba Serikali haina nyenzo. Sheria hiyo hiyo inampa Waziri mwenye dhamana mamlaka ya kutangaza, kupitia Gazeti la Serikali, jengo au eneo lenye umuhimu wa kihistoria kuwa kumbukumbu inayolindwa, bila kujali kama ni la kabla au baada ya mwaka huo. Nayo Sera ya Malikale ya mwaka 2008 inasisitiza ushiriki wa jamii katika kutambua na kuhifadhi. Kinachotakiwa kabla ya tangazo ni taarifa: eneo liko wapi, mipaka yake ni ipi, lina ushahidi gani, na ni nani anayelitunza. Taarifa hizo kwa magharibi ya nchi hazipatikani zote katika maktaba. Nyingi ziko vijijini, kwa wazee wanaojua mahali ambapo babu zao walivushia watu au walikozika wageni.

Mawe ya pwani, udongo wa bara

Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha njia ya kati ya biashara ya pembe na watumwa katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Maeneo sita yalitajwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Orodha ya awali ni ahadi ya nchi kwamba inakusudia kuandaa maombi kamili. Haitoi hadhi wala ulinzi wa Urithi wa Dunia.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika orodha kamili mwaka 1981, na Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000. Michoro ya miambani ya Kondoa ilifuata mwaka 2006, na ni mfano mzuri kwamba bara nako kunatambuliwa. Lakini hata Kondoa ushahidi umechorwa juu ya mwamba, na mtu anaweza kuusogelea na kuuona. Majumba ya Mji Mkongwe yalijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za biashara iliyotoka bara. Majumba hayo yamelindwa, ilhali njia iliyoyalisha ingali inasubiri.

Uzoefu wa mataifa mengine unaonyesha njia mbili za kutazama jambo hili. Ya kwanza ni ya daraja la mawe la Mostar nchini Bosnia na Herzegovina. Lilibomolewa vitani mwaka 1993, likajengwa upya na kukamilika mwaka 2004, na mwaka uliofuata eneo lake likaingia katika Urithi wa Dunia. Mawe yalianguka, lakini vipimo, picha na ufundi vilikuwapo, hivyo daraja likaweza kurudi.

Ya pili ni ya daraja la Q'eswachaka nchini Peru, kwenye mtandao wa njia za kale za milima ya Andes. Daraja hilo husukwa kwa kamba za nyasi, na jamii jirani hulisuka upya kila mwaka. Mwaka 2013 UNESCO iliuingiza ujuzi huo katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Mwaka uliofuata njia za Andes, zinazopita katika nchi sita, ziliingia katika Urithi wa Dunia. Hapo kilichothaminiwa ni maarifa ya kutengeneza na umoja wa watu wanaotengeneza, kwani nyasi zenyewe hazidumu.

Malagarasi iko karibu zaidi na mfano wa pili. Mtumbwi wa gome la mti hauwezi kukaa makumbusho kwa miaka mia mbili kama jiwe. Lakini namna ya kuuchonga, majina ya sehemu za kuvukia, nyimbo na miiko ya wavushaji, na masimulizi ya kambi za misafara yanaweza kurekodiwa kwa Kiswahili, Kinyamwezi, Kivinza na Kiha wakati wanaoyajua wangalipo.

Gharama ya kuhifadhi na hofu ya kuchelewa

Zipo hoja zinazopaswa kupimwa kwa haki. Ya kwanza ni kwamba wananchi wa magharibi wamesubiri usafiri bora kwa miaka mingi, na kila kizuizi kinachowekwa mbele ya reli kina gharama kwa mkulima wa tumbaku wa Urambo, mfanyabiashara wa Kigoma na abiria wa kawaida. Hoja hii ni ya kweli. Kwa sababu hiyo, kazi ya kutambua maeneo inapaswa kutangulia mitambo, isingoje hadi fuvu la kichwa lionekane kwenye kijiko cha tingatinga. Ugunduzi wa ghafla ndio unaosimamisha kazi. Ramani iliyotayarishwa mapema humwezesha mhandisi kuhamisha machimbo au kambi kwa mita chache bila kugusa ratiba.

Ya pili ni hofu ya wananchi kwamba eneo likitambuliwa kuwa la kale watanyang'anywa mashamba. Hofu hiyo huondolewa kwa maelezo ya wazi. Si kila eneo linahitaji uzio. Kisima, mwembe mmoja au makaburi machache yanaweza kutengwa ndani ya mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, unaoandaliwa na halmashauri ya kijiji na kupitishwa na mkutano mkuu wa wananchi wenyewe, huku shamba linaloyazunguka likiendelea kulimwa.

Ya tatu ni kwamba njia ya misafara ina doa la utumwa, na wapo wanaoona ni heri isahauliwe. Lakini kufuta mahali hakufuti kilichotendeka. Kunawanyima tu wajukuu wa waliobeba mizigo, wa waliouzwa na hata wa waliouza nafasi ya kuyajua yaliyotokea wakiwa wamesimama juu ya ardhi yenyewe.

Wajibu wa taasisi na wa mwananchi

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, miradi mikubwa hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na athari kwa maeneo ya kihistoria ni sehemu ya tathmini hiyo. Taasisi kubwa za fedha za kimataifa nazo huweka utaratibu wa kufuatwa na mkandarasi anapokuta mabaki ya kale: kusimamisha kazi mahali hapo, kuweka alama, na kutoa taarifa kwa mamlaka. Thamani ya utaratibu huo inategemea kama msimamizi wa eneo la kazi na dereva wa mtambo wanaufahamu. Waraka uliobaki Dar es Salaam au Dodoma hauwezi kuzuia mtambo ulioko Kaliua.

Kwa halmashauri za mikoa ya Tabora na Kigoma, hatua ya kwanza haihitaji bajeti kubwa. Maofisa utamaduni, maofisa ardhi na walimu wa historia wanaweza kuandaa orodha ya kila kata: mahame, visima, vivuko, miembe ya zamani, makaburi na majina ya mahali yenye kumbukumbu ya misafara. Orodha hiyo ikiwasilishwa kwa Idara ya Mambo ya Kale, wataalamu wataweza kuchuja yapi yanastahili kutangazwa katika Gazeti la Serikali na yapi yatoshe kulindwa na kijiji. Ndiyo pia orodha itakayoyapa nguvu maombi ya Urithi wa Dunia, kwani nchi inayoomba hadhi hiyo hutakiwa kuonyesha kwamba maeneo husika yana mipaka na ulinzi wa kisheria.

Kwa mwananchi, sheria iko wazi. Anayegundua kitu au mahali panapodhaniwa kuwa pa kale anapaswa kutoa taarifa mara moja kwa ofisa wa utawala wa eneo lake, kwa mamlaka ya mambo ya kale au kwa Makumbusho ya Taifa. Shanga za zamani, vipande vya vyungu, risasi za gobori au mifupa isiyojulikana huwa na maana kubwa zaidi vikiwa pale vilipopatikana. Vikiokotwa na kuuzwa, hubaki vitu tu, na kisa chake hupotea pamoja na shimo vilimotoka.

Kwenye makumbusho ya Kwihara, mgeni hukutana na jina la Livingstone na la Stanley. Ni sawa majina hayo yawepo. Lakini watu waliowafikisha wageni hao Unyanyembe, waliowavusha Malagarasi, na walioubeba mwili wa Livingstone kwa miezi kadhaa hadi baharini, wengi wao hawakuandikwa popote. Hawakuachiwa mnara, na mto waliouvuka haukuwa na daraja ambalo mtu angeweza kulitaja kwa majina yao. Walichoacha ni mahali. Miti iliyowapa kivuli haitasimama milele, wazee wanaokumbuka hawatasubiri, na mitambo ya reli imekwisha ingia kazini. Orodha ya kata inayoandikwa mwaka huu inaweza kuwa ndiyo kumbukumbu pekee ambayo mjukuu wa mvushaji wa Malagarasi atakuja kuikuta.